Riali ya Kwanza Iende kwa Kitoweo

Katika nyumba nyingi za Ibra, Sur na Nizwa, hesabu ya chakula cha mwezi huanza na gunia la mchele. Likishalipiwa hufuata mafuta ya kupikia, sukari, majani ya chai na katoni ya kuku wa barafu. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa samaki, adesi, maziwa, mboga za majani na matunda, na mwezi ukiwa mgumu sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Mchele haukosekani hata siku moja; mchicha hukosekana wiki nzima. Kutokana na hali hiyo umeenea usemi kwamba kula vizuri ni jambo la wenye nacho, na kwamba mtu wa kipato cha chini hana budi kujaza tumbo tu na kumwachia Mungu yaliyobaki. Mimi siukubali usemi huo. Naamini familia yenye riali chache inaweza kula chakula cha kujenga mwili katika mikoa hii ya Oman, Sharqiyah na Dakhiliyah, ila ni lazima igeuze mpangilio wa matumizi: riali ya kwanza ya mwezi iende kwa kitoweo na mboga, na mchele ununuliwe kwa kitakachobaki. Naamini pia kwamba mama wa nyumbani peke yake hawezi kuukamilisha mgeuzo huo. Shule, wauza samaki, wanaotoa sadaka na serikali wana sehemu yao.

Tuanze na hali ya afya, kwa sababu ndiyo inayofanya jambo hili lisiwe suala la ladha na mazoea tu. Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Oman mwaka 2017 ulionesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wana uzito uliozidi, theluthi moja hivi wana shinikizo la damu, na kisukari kimewapata kiasi cha watu 15 katika kila 100. Uchunguzi wa lishe wa mwaka huohuo ulionesha upande mwingine: zaidi ya robo ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na zaidi ya mtoto mmoja kati ya 10 wa chini ya miaka 5 amedumaa. Ukizitazama takwimu hizi mbali mbali unaweza kudhani zinahusu nchi mbili. Ukizisoma pamoja unaona ni jikoni mulemule. Sahani inajaa nguvu za kutosha na kuzidi, huku madini ya chuma, nyuzinyuzi na vitamini zikipungua. Mama anaweza kunenepa na bado akawa hana damu ya kutosha, na mtoto akashiba kila siku na asirefuke inavyostahili. Kwa hiyo kinachopungua katika nyumba hizi si wingi wa chakula, bali ni aina zake, na aina hazipatikani kwa kuongeza gunia la pili la mchele.

Mpangilio huu wa matumizi hatukuurithi kwa mababu. Mchele wenyewe ni wa zamani pwani: msafiri Ibn Battuta alipopita Qalhat, karibu na Sur, katika karne ya 14, alieleza jinsi alivyopenda samaki wa mji ule kuliko nyama ya aina yoyote, wakichomwa juu ya majani ya miti na kuliwa kwa wali ambao mchele wake uliletwa kutoka India. Lakini Qalhat ilikuwa bandari ya matajiri na wafanyabiashara. Bara, katika vijiji vinavyonyweshwa na mifereji ya falaj, chakula cha kila siku kilikuwa tende, mkate wa ngano au shayiri, maziwa ya mgando, vitunguu, figili, na samaki wakavu waliopanda kwa ngamia kutoka pwani ya Sharqiyah, na misafara ikirudi na tende. Nyama ilisubiri Idi. Baada ya mwaka 1970, barabara zilipofunguliwa na mishahara ya fedha taslimu kuenea, mchele ukawa chakula cha kila mchana, na sahani kubwa ya wali na nyama, ambayo zamani ilikuwa ya arusi na Idi, ikawa ya Jumatatu. Maisha ya zamani yalikuwa na dhiki yake, na hakuna mwenye akili anayeyatamani kwa ujumla wake. Ninachokisema ni kwamba wali mwingi wa kila siku ni desturi ya juzi, na desturi iliyokuja juzi inaweza kurekebishwa bila ya mtu kuivunjia heshima asili yake.

Sasa tuitazame fedha yenyewe. Kima cha chini cha mshahara wa Mwomani katika sekta binafsi kiliwekwa riali 325 kwa mwezi mwaka 2013. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2023 iliongeza juu yake kitu kikubwa: kuanzia Januari 2024 kila mtoto Mwomani, tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka 18, ana posho ya riali 10 kwa mwezi. Nyumba yenye watoto 5 inapata riali 50. Hiyo ni fedha iliyotolewa kwa jina la mtoto, na haki yake ya kwanza ni kumlisha mtoto. Lakini tuseme kila mmoja wa watoto hao ananunua kopo moja la soda la baisa 150 na pakiti ya krispi ya baisa 100 kila siku ya shule, kwa siku 22 za mwezi. Hesabu yake ni riali 27 na nusu: zaidi ya nusu ya posho imekwenda katika sukari na chumvi. Kopo la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikibidi ishuke hadi 25. Serikali imeliona hilo. Juni 2019 ilitoza soda ushuru wa asilimia 50 na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100, kisha Oktoba 2020 ikavitia vinywaji vyote vilivyoongezwa sukari katika ushuru wa asilimia 50. Mzazi anayeendelea kuvinunua analipa mara mbili: ushuru leo, na dawa kesho.

Mchele nao una somo lake la fedha. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na mwezi uliofuata ikaweka bei ya chini ambayo basmati isingeweza kuuzwa nje pungufu yake. Uamuzi uliofanyika Delhi kwa sababu za Delhi ulifika katika maduka ya Ghuba yote. Nyumba iliyoegemeza matumizi yake juu ya chakula kimoja kutoka nje haina pa kukimbilia bei ikipanda, isipokuwa kukata kile kidogo kilichokuwa kikienda kwa mboga na samaki. Nyumba yenye kunde, unga wa ngano, samaki wa msimu na mchele wa kiasi ina njia ya kuzunguka: kimoja kikipanda, kingine kinachukua nafasi yake. Kwa mtu wa kipato kidogo, aina nyingi za chakula ni ulinzi wa mfuko kabla ya kuwa ulinzi wa mwili.

Kitoweo cha bei nafuu kuliko vyote kinauzwa katika kila duka la mtaani, kavu, kisichohitaji friji wala haraka: adesi, choroko, kunde, mbaazi, maharage na dengu. Gramu 100 za adesi kavu zina takriban gramu 24 za protini. Mchele wa uzito huohuo una gramu 7 hivi. Zaidi ya protini kuna madini ya chuma, foleti na nyuzinyuzi zinazozuia sukari kupanda ghafla katika damu. Mwongozo wa ulaji bora uliotolewa na Wizara ya Afya ya Oman mwaka 2009 unashauri kula vyakula vya jamii ya kunde kila siku, na hapa ndipo familia zinazozungumza Kiswahili zina mtaji mkubwa kuliko zinavyojua. Waliorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Tabora baada ya 1964, na zaidi baada ya wito wa Sultan Qaboos mwaka 1970, wakiwemo watu wa koo za Maharthi na Mabarwani ambao asili yao ni Sharqiyah hii hii, walirudi na mapishi ya mbaazi, kunde, choroko, maharage na mchicha. Mapishi hayo yamo bado katika nyumba za Ibra, lakini yamesukumwa hadi futari ya Ramadhani na kifungua kinywa cha Ijumaa, kama kwamba ni kumbukumbu ya Afrika na si chakula cha mchana. Yarudishwe mchana. Tui lipunguzwe, kwa sababu ni ghali na lina mafuta mazito; kikombe kimoja kinatosha sufuria iliyozoea vitatu. Na hata ambaye hakupata kuiona Afrika anaijua dango ya dengu za kuchemsha na pilipili inayouzwa barabarani, kwa hiyo hakuna anayeombwa ale kitu kigeni.

Yako mambo mawili madogo ya kitaalamu ambayo hayagharimu kitu na yanaongeza faida ya sahani hiyo. Chuma kilichomo katika kunde na mboga za majani mwili hukichukua kwa shida, lakini hukichukua vizuri zaidi kikiandamana na vitamini C, kwa hiyo ndimu mbichi iliyokamuliwa juu ya adesi, au kachumbari ya nyanya pembeni, ni zaidi ya kiungo. Chai nayo hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula au mara tu baada yake, hukizuia chuma hicho. Mama mwenye upungufu wa damu anayesogeza kikombe chake cha chai saa moja mbele amejipa tiba bila ya kutoa baisa. Halafu kuna unga. Tangu miaka ya 1990 Oman imeagiza unga wa ngano utiwe madini ya chuma na foliki asidi, hatua ambayo nchi nyingi za eneo hili zilikuja kuichukua baadaye. Mkate na chapati za nyumbani kwa hiyo zinabeba kitu ambacho mchele wa kawaida haubebi, na unga wa atta, ambao haukukobolewa, unaongeza nyuzinyuzi juu yake. Milo miwili au mitatu ya mkate na adesi badala ya wali kwa wiki haitaonekana kama umaskini katika meza yoyote ya Dakhiliyah, mahali ambapo ngano ililimwa kwa karne nyingi na sasa inalimwa tena.

Kisha samaki. Pwani ya Sharqiyah Kusini, kutoka Sur kupita Ras al-Hadd hadi Al-Ashkharah na kisiwa cha Masirah, ni miongoni mwa pwani zenye samaki wengi katika Bahari ya Arabu. Wengi wetu tukisikia samaki tunawaza nguru, na nguru ni ghali. Lakini kundi kubwa linalovuliwa ni la samaki wadogo wa juu ya maji, dagaa na jamaa zake, ambao bei yao ni ya chini kuliko wengine sokoni na sehemu yao kubwa huanikwa mchangani ili wawe chakula cha ngamia na mbolea ya mashamba. Desturi hiyo ni ya kale. Wasafiri wa karne ya 13 na 14 waliiona pwani ya kusini mwa Uarabuni wakaistaajabia. Sina ugomvi na ngamia. Ila samaki huyo huyo ana protini sawa na nguru au karibu yake, ana mafuta yanayolinda moyo, na akiliwa na miba yake laini anampa mtoto kalsiamu ambayo minofu haina. Kwa familia inayohesabu baisa, dagaa wabichi wakati wa msimu, jodari anaposhuka bei Sur, na kopo la dagaa au jodari lililohifadhiwa kwa maji pale wabichi wanapokosekana, ni kitoweo cha siku tatu kwa wiki. Papa mkavu na samaki wa chumvi wabaki na nafasi yao kwa kiasi: walowekwe, maji yamwagwe, na mchuzi wao usitiwe chumvi nyingine, kwa maana theluthi moja ya watu wazima wana shinikizo la damu.

Mboga zinafuata msimu, na msimu wa Oman ni wa baridi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, mashamba yanayopata maji ya falaj huko Nizwa, Bahla, Izki na Ibra hutoa nyanya, bilingani, kabichi, karoti, figili na majani ya kila aina, na bei huanguka. Huo ndio wakati wa kununua nyingi, kupika rojo la nyanya na kuligandisha, kukausha bamia, na kuipa miezi ya joto akiba. Kiangazi kikifika, nyumba inayong'ang'ania saladi ya majani yaliyosafiri kwa ndege itaumia. Boga, vitunguu, karoti na kabichi, zinazostahimili safari na kukaa, zinafanya kazi ileile kwa bei ndogo. Kiwango cha gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakisemi lazima yawe matofaa kutoka nje. Kinatimizwa na ndizi, boga na kachumbari.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la heshima. Mtu atauliza: mgeni akija nyumbani Nizwa, nimwekee adesi? Watu watasemaje? Swali hili lisidharauliwe, kwa sababu ukarimu ni nguzo ya maisha ya huku, na mtu hupima utu wake kwa sahani anayomwekea mwingine. Lakini tutenganishe mgeni na mazoea. Sahani ya mgeni ibaki, na nyama ya Idi ibaki, na shuwa, nyama ya kuokwa ardhini, itolewe shimoni kama ilivyotolewa siku zote. Tatizo ni kwamba tumeifanya kila siku kuwa siku ya mgeni hata asipokuwepo, na tunakopa dukani kuilisha siku hiyo. Isitoshe, ukarimu wa Nizwa ya kale haukuwa wa kujikaza. Ibn Battuta aliwakuta watu wa mji ule wakila pamoja katika nyua za misikiti, kila mtu akileta alichonacho, na msafiri akikaribishwa kula nao. Heshima ilikuwa katika kukaa pamoja na kugawana. Kumwekea mgeni kile tunachokula wenyewe, kikiwa kisafi na kimepikwa vizuri, ni kumfanya mwenyeji, na hilo halimpunguzii mtu daraja.

Pingamizi la pili linahusu tende. Wapo wanaosema huwezi kuhubiri dhidi ya sukari ukaisifu tende, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Ni kweli, na mwenye kisukari hawezi kula tende bila kuhesabu. Hata hivyo, tende ina nyuzinyuzi na madini ambavyo soda haina hata chembe. Uchunguzi uliofanywa katika Umoja wa Falme za Kiarabu na kuchapishwa mwaka 2011, kwa aina 5 zikiwemo Fardh na Khalas, ulikuta kwamba zikiliwa kwa kipimo hazikuipandisha sukari ya damu kwa kasi kama wengi walivyohofia, hata kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Maneno muhimu hapo ni kwa kipimo. Tende tatu na glasi ya maziwa ya mgando katika mkoba wa mtoto zinachukua mahali pa biskuti na soda, kwa gharama ndogo na kwa faida kubwa. Tende kumi na tano zilizoliwa juu ya wali na baada ya halwa hazichukui mahali pa kitu chochote, zinaongeza tu.

Pingamizi la tatu ni la umbali. Samaki ni wa Sur, watasema watu wa Nizwa na Bahla, na akifika kwetu amechoka na bei imepanda. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya barabara kubwa ya Bidbid hadi Sur, ambayo imeusogeza mji wa Ibra karibu na bahari. Soko la Nizwa lina ukumbi wa samaki, na Ibra nako samaki huuzwa. Lakini nakubali kwamba anayefika bara kwa wingi ni samaki mkubwa anayemlipa mchuuzi gharama ya barafu, na dagaa, ambaye huharibika upesi na faida yake ni ndogo, hubaki pwani. Hapo ndipo ninaposema jambo hili si la mama peke yake. Magari yenye ubaridi na mitambo midogo ya kugandisha dagaa Sur na Al-Ashkharah ni uwekezaji ambao wizara inayohusika na uvuvi, pamoja na kampuni za samaki, wangeweza kuupa kipaumbele kabla ya kufikiria soko la nje. Nchi inayosafirisha samaki hadi mabara mengine haikosi uwezo wa kumfikisha dagaa hadi mji wa bara wa Adam.

Pingamizi la nne ni la muda. Mama wa leo katika miji hii ni mwalimu, muuguzi, karani au mfanyabiashara. Harudi nyumbani saa nne asubuhi akaanza kuchambua maharage. Ni kweli, na makala za lishe zinazomwelekeza mwanamke apike vitu vitano kwa siku zinamkosea. Kunde hata hivyo hazihitaji kusimamiwa, zinahitaji kupangiwa. Zikilowekwa usiku, jiko la presha linazimaliza kwa nusu saa au chini yake. Adesi nyekundu hazihitaji hata kulowekwa. Sufuria moja kubwa ya Ijumaa ikigawanywa na kugandishwa ni kitoweo cha milo mitatu. Na jiko lisiwe la mwanamke tu. Baba anayejua kukoka moto wa mishkaki na kuusimamia mpaka usiku anaweza kuloweka maharage, na kijana wa miaka 15 anaweza kukata kachumbari.

Liko pingamizi la mwisho kutoka upande wa pili, la wale wanaosema kwamba kuzungumzia uchaguzi wa familia ni kuwalaumu maskini kwa umaskini wao, na kwamba dawa ni mshahara tu. Mshahara ni dawa kweli, na anayepata riali 325 na kulea watoto watano anastahili kupata zaidi. Lakini ongezeko la mshahara linaloingia katika mpangilio uleule wa matumizi litanunua mchele wa daraja la juu, kuku wengi zaidi na soda kubwa zaidi. Ushahidi wake tunao: maradhi haya hayakuwaacha wenye mishahara mikubwa. Kwa hiyo yote mawili yaendelee kwa pamoja, kipato na mpangilio. Serikali imefanya sehemu yake katika kodi. Ilipoanzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 Aprili 2021, iliiondolea orodha ya vyakula vya msingi, na orodha hiyo ilipanuliwa ikafika aina 488. Hatua inayofuata iwe ya kuelekeza fedha za ushuru wa vinywaji vya sukari, au sehemu yake, kwenye chakula cha watoto shuleni: mkate, kunde, maziwa, tende na tunda. Mtoto aliyekula vizuri saa nne asubuhi hakimbilii duka lililo nje ya geti.

Kuna mlango mwingine ulio karibu zaidi kuliko wizara yoyote, nao ni sadaka. Kila wilaya ya mikoa hii ina timu yake ya hisani ya kujitolea, na Ramadhani inapokaribia vikapu vya chakula hupelekwa katika maelfu ya nyumba. Nia yake ni njema na thawabu yake iko kwa Mungu. Lakini vilivyomo kwa kawaida ni mchele, sukari, mafuta, unga mweupe na chai: tunampelekea mwenye shida mpangilio uleule unaomtia maradhi, tena tukimjazia uzidi. Fitra ina hukumu zake na wanazuoni wake, na siigusi. Ila kikapu cha hiari kiko mikononi mwetu. Nusu ya mchele ikipunguzwa, na sukari ikaondolewa, fedha hiyohiyo inanunua adesi, dengu, choroko, makopo ya dagaa, unga wa atta, maziwa ya unga na kilo kadhaa za tende. Soko la Jumatano la wanawake la Ibra, ambako wanawake huuza na kununua wenyewe kwa wenyewe, linafaa kuwa mahali pa kununulia sehemu ya vikapu hivyo kutoka kwa wanaozalisha, ili sadaka moja iwanufaishe watu wawili. Nizwa, ambayo ina historia ya mradi wa kijamii wa maisha yenye afya uliowashirikisha wakazi wenyewe, ingeweza kuwa ya kwanza kuandika orodha mpya ya kikapu na kuzipatia timu nyingine.

Mageuzi haya hayangojei sheria mpya wala bei kushuka. Mwisho wa mwezi huu, mwenye nyumba atakapokaa na karatasi yake ya matumizi, aandike juu kabisa kilo za kunde, siku za samaki na kiasi cha mboga kwa kila kichwa, azilipie hizo kwanza, kisha anunue mchele kwa kilichobaki. Atagundua kwamba kilichobaki kinatosha, kwa sababu sahani yenye kitoweo cha kutosha haihitaji mlima wa wali. Na wanaoandaa vikapu vya hisani wafanye hesabu hiyohiyo kwa ajili ya nyumba ambazo hazina karatasi ya kuandikia. Riali 10 za mtoto zimeshatolewa. Tulichobakiwa nacho ni kuhakikisha kwamba zinamfikia mdomoni zikiwa chakula.